Bahari Nyuma ya Mlango wa Hormuz

Ghuba ya Uajemi ni mkono wa Bahari ya Hindi ulioingia kati ya Bara Arabu na Iran kwa urefu wa karibu kilomita 1,000, kuanzia Mlango wa Hormuz hadi kwenye matope ya mto Shatt al-Arab. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 240,000, yaani Ziwa Victoria mara tatu na nusu. Lakini ukubwa huo ni wa juu juu tu. Kina chake cha wastani ni mita 35, na mahali panapokaribia mita 100 ni pachache, ilhali mkondo unaotenganisha Pemba na bara una kina cha mamia ya mita. Ni sinia la maji lililoanikwa juani, na karibu kila jambo linalosimuliwa kuhusu bahari hii, chumvi yake, joto lake, lulu zake na nguva wake, linatokana na kina hicho kifupi na wembamba wa mlango wake mmoja.

Bonde lenyewe ni kazi ya milima. Bamba la Arabia linasukumwa kuelekea kaskazini-mashariki na kuingia chini ya bara la Asia. Pale linapogongana nalo ndipo ilipoinuka milima ya Zagros ya Iran, na uzito wa milima hiyo umeikandamiza ardhi iliyo mbele yake hadi ikabonyea. Ndiyo maana Ghuba haiko sawa pande zote mbili. Upande wa Iran maji yana kina na milima inakaribia ufuko. Upande wa Uarabuni sakafu inashuka taratibu mno, na kuna mahali mtu anaweza kutembea mbali baharini maji yakiwa magotini.

Bonde ni la kale, lakini bahari iliyomo ndani yake ni ngeni. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imeyafungia maji mengi ya dunia huko kaskazini, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita kama 120, na Ghuba yote ilikuwa nchi kavu. Maji ya Hidekeli na Frati yalivuka bonde zima na kumwagika baharini nje ya Hormuz. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilianza kuingia tena kama miaka 14,000 iliyopita, ikafikia ukingo wa leo miaka 6,000 hivi iliyopita. Kwa hiyo kila tumbawe, kila kasa na kila unyasi wa bahari ulioko humo ni mhamiaji, au mtoto wa mhamiaji, aliyepitia Hormuz. Waliobaki ni wale walioweza kuvumilia.

Safari yangu ya kuizunguka ilianzia Khasab, mji mkuu wa rasi ya Musandam, kipande cha Oman kilichotengwa na nchi yake na ardhi ya Falme za Kiarabu. Hapa milima ya mawe ya chokaa inaingia baharini wima, bila ufuko. Kilele cha Jebel Harim kina zaidi ya mita 2,000, na kwenye miamba yake kuna visukuku vya viumbe wa baharini, kwa kuwa mlima huo ulikuwa sakafu ya bahari kabla ya kuinuliwa. Sasa ncha ya rasi inazama tena. Mabonde yaliyochongwa na mvua za zamani yamejaa maji ya chumvi na kuwa hori ndefu zenye kuta za mawe, na baadhi ya vijiji, kama Kumzar, havina barabara hata leo; kwenda na kurudi ni kwa boti. Ndani ya hori ya Sham kuna kisiwa kidogo ambako Waingereza waliweka kituo cha telegrafu baada ya kulaza waya kutoka Karachi hadi Fao, kwenye mdomo wa Shatt al-Arab, mwaka 1864. Kituo hicho kilihamwa baada ya miaka michache, na anayekaa pale saa moja mchana wa kiangazi haulizi kwa nini. Wanaofaidi mahali hapo ni pomboo, wanaoogelea kando ya boti za watalii bila haraka.

Nje ya hori hizo ndiko uliko Mlango wa Hormuz wenyewe, usiofikia kilomita 60 kwa upana mahali pembamba. Meli kubwa hupita kwa njia mbili, ya kuingia na ya kutoka, kila moja ikiwa na upana wa maili mbili za baharini, na kwa miaka mingi karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani yamepita hapo. Habari za mafuta hayo zinajulikana. Maji yanayopita chini ya meli hizo hayazungumzwi sana, ingawa yana kawaida yake isiyovunjwa na siasa.

Katika Ghuba jua hukausha maji kiasi cha mita moja na nusu hadi mbili kwa mwaka. Mvua na mito haviwezi kulipa deni hilo. Kinachojaza pengo ni maji ya Bahari ya Hindi, ambayo ni mepesi zaidi na huingia juu juu kupitia Hormuz, yakafuata pwani ya Iran kuelekea kaskazini-magharibi, kisha yakageuka na kurudi kusini kwa upande wa Uarabuni. Njiani yanazidi kukolea. Bahari kuu ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji. Ghuba ina kama 40, na katika ghuba ndogo ya Salwa, kati ya Saudi Arabia na Qatar, kiwango kinapita 60. Maji yaliyokolea ni mazito, hivyo hushuka sakafuni na kutoka polepole kwa mlango uleule, chini ya yale yanayoingia. Mzunguko mzima huchukua miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo taka inayotupwa Ghuba hukaa, wakati ile inayotupwa Mombasa au Dar es Salaam husombwa na mkondo wa pwani.

Pwani ya Falme za Kiarabu ndiyo inayoonyesha vizuri maisha ya hapo. Ardhi ni tambarare ya chumvi, inayong'aa kwa weupe adhuhuri, na ni shida kujua bahari inaanzia wapi. Kando ya vijito vya maji ya chumvi unaota mchu, yule mkoko wa majani yenye rangi ya kijivu kwa chini. Katika delta ya Rufiji mchu huota pamoja na mkoko magondi, muia, mkandaa, mlilana na mkomafi, na hukua mti mrefu. Ndani ya Ghuba mchu uko karibu peke yake, na kwa kawaida haumzidi mtu urefu kwa mbali. Niliuchunguza jani kwa jani kwenye kijito kimoja karibu na Abu Dhabi: upande wa juu wa kila jani ulikuwa na punje nyeupe za chumvi zilizotolewa na mti wenyewe, na kidole kilichopita juu yake kilitoka kikiwa na ladha ya chumvi ya mezani. Chini, vipumuo vyake vilikuwa vimechomoza kwenye tope kwa mamia, na kati yake kaa wadogo wakikimbilia mashimo yao.

Mbele ya mchu yanaanza malisho ya nyasi bahari. Aina ni tatu tu hivi, ukilinganisha na zaidi ya kumi za Afrika Mashariki, lakini zimetanda maeneo makubwa, na juu yake wanaishi nguva wengi kuliko mahali popote duniani isipokuwa Australia. Mwaka 1986 watafiti waliokuwa wakiruka kwa ndege kati ya Bahrain na Qatar walihesabu zaidi ya nguva 600 katika kundi moja. Kwenye pwani yetu, kutoka Lamu hadi Kilwa, amebaki wa kuhesabiwa, na wapo wavuvi wazee ambao mara ya mwisho kumwona walikuwa vijana. Haistaajabishi kwamba mnyama huyu amekaribia kuangamia kwetu, kwani nyavu za jarife ni nyingi. Ajabu ni kwamba yuko huku, kwenye ukingo wa kaskazini wa uwezo wake wa kuvumilia baridi. Baridi, ndiyo: upepo wa shamali ukivuma kutoka Iraq katika majira ya baridi, maji ya kaskazini mwa Ghuba hushuka hadi nyuzi 15 au chini ya hapo, na nguva hukusanyika kusini, na mahali penye chemchemi za maji ya uvuguvugu.

Kiangazi mambo hugeuka. Maji ya juu hufika nyuzi 34 hadi 36, na katika ghuba ya Kuwait yamepimwa yakiwa zaidi ya nyuzi 37 mwezi Julai 2020. Matumbawe mengi ya dunia hupauka maji yanapozidi nyuzi 30 au 31. Yale ya Ghuba hustahimili hadi 35, na siri yake kwa sehemu iko kwenye mwani mdogo unaoishi ndani ya miili yao, aina ambayo wanasayansi waliitambua rasmi mwaka 2015. Gharama ya ustahimilivu huo inaonekana kwa macho. Spishi za matumbawe hazifiki 100, wakati Tanzania na Msumbiji zina mamia, na miamba ni mifupi, isiyo na minara wala mapango. Isitoshe ustahimilivu una kikomo. Mwaka 1996 na 1998 joto liliua matumbawe mengi ya kusini, na mwaka 2017 likaua tena sehemu kubwa ya yaliyokuwa yamerudi. Kusema kwamba matumbawe ya Ghuba yatakuwa mbegu ya kuokoa miamba ya dunia, kama inavyosemwa mara kwa mara, ni kuwapa mzigo wagonjwa waliotoka hospitali juzi.

Sokoni meza za samaki zinaweza kumpumbaza mtu wa pwani ya Uswahilini akadhani yuko kwao. Nguru wamepangwa kwa safu, tasi wamerundikwa, na chewa, samaki anayependwa kuliko wote katika mji wowote wa Ghuba, analala peke yake kwenye barafu kwa bei ya heshima. Chewa hao walikuwa wadogo. Samaki huyu huchelewa kukomaa, na huvuliwa kabla hajazaa. Mamlaka za Falme za Kiarabu zimeweka vipimo na misimu ya kumvua, lakini hamu ya walaji haijapungua.

Kilomita 80 hivi nje ya pwani ya Qatar liko eneo la mafuta la Al Shaheen. Katika miezi ya kiangazi papa potwe hukusanyika hapo kandokando ya majukwaa ya kuchimbia mafuta, nyakati nyingine zaidi ya mia moja kwa pamoja, wakichota kwa midomo mipana mayai ya sehewa yanayoelea juu ya maji. Uvuvi umezuiwa karibu na majukwaa kwa sababu za usalama, hivyo mitambo ya mafuta imegeuka hifadhi ambayo hakuna aliyeipanga. Wakazi wa Kilindoni, Mafia, wanamjua mnyama huyu, ila kwao huja kuanzia Oktoba hadi Machi. Ng'amba wa Ghuba nao wana hesabu yao: majike waliofungwa vifaa vya setilaiti walionekana wakiondoka kwenye malisho ya pwani joto linapozidi, wakaenda kwenye maji ya kina yenye ubaridi kidogo, na kurudi kiangazi kinapopoa. Wakati huo hawali sana. Wanakwepa jua tu.

Bahrain ilitajirishwa na chaza. Sakafu ya kaskazini mwa kisiwa ina majabali mapana yasiyo na kina kirefu, ambayo chaza wa lulu hushikamana nayo, na kwa karne nyingi msimu mkuu wa kuzamia ulikuwa kuanzia Juni hadi Septemba. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio cha mfupa au gamba la kobe, akasimama juu ya jiwe lililofungwa kamba, akashushwa hadi chini, akakusanya chaza kwenye kikapu kwa dakika moja au zaidi kidogo, kisha akaivuta kamba ili mwenzake aliye juu amvute. Alirudia hivyo mchana kutwa. Baadhi ya wazamiaji hao walikuwa watu waliotekwa Afrika Mashariki, au watoto wao, na sehemu ya mapato yao ilimwendea bwana. Kumbukumbu za lulu katika majumba ya makumbusho ya Ghuba hupendeza sana. Utumwa huo mara nyingi hupitiwa kwa sentensi moja. Lulu za kupandwa za Kijapani na mdororo wa uchumi ulioanza 1929 viliua biashara hiyo, na mafuta yakapatikana Bahrain mwaka 1932. Majabali matatu ya chaza na nyumba za wafanyabiashara huko Muharraq vimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2012.

Mabaharia wa Bahrain walikuwa na neema nyingine: maji matamu yaliyobubujika kwenye sakafu ya bahari. Mzamiaji alishuka na kiriba, akakikinga kwenye mdomo wa chemchemi, akapanda na maji ya kunywa kutoka chini ya bahari ya chumvi. Maji hayo yalitoka kwenye miamba ya bara Arabu. Visima vya mashine vya karne ya 20 vimeyanyonya, na chemchemi nyingi zimekauka. Leo Kuwait, Qatar na Bahrain hupata karibu maji yao yote ya kunywa kwa kusafisha maji ya bahari, na mitambo ya nchi za Ghuba hutoa zaidi ya theluthi moja ya maji ya aina hiyo duniani. Mabaki, maji ya moto yenye chumvi kali, hurudishwa Ghuba.

Pwani ya Saudi Arabia kaskazini mwa Jubail inabeba alama ya vita vya 1991, vilivyomwaga mamilioni ya mapipa ya mafuta ghafi baharini. Kiasi cha kilomita 700 za ufuko zilichafuka, na kisiwa cha Abu Ali kilikinga sehemu kubwa isiende kusini zaidi. Mafuta hayakukaa juu ya tope tu. Yaliingia kwenye mashimo ya kaa na kushuka ndani kabisa, mahali pasipo na hewa ya kuyaozesha, na zaidi ya miaka kumi baadaye aliyechimba aliyakuta yangali maji maji. Kaa walikuwa wamekufa, na bila wao hapakuwa na wa kuligeuza tope.

Kuwait haikuwa na msitu wala mto. Maji ya kunywa yaliletwa kwa jahazi kutoka Shatt al-Arab, na dari za nyumba zilisimama juu ya boriti za Lamu na Rufiji. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Desturi hiyo ni ya zamani: mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika karne ya 10, anataja mbao za nchi ya Zanj katika majengo ya Siraf, bandari ya upande wa Iran. Mwaka 1938 na 1939 Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kikuwait, Bayan, kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji, ambako mabaharia walijaza boriti, kisha wakarudi nyumbani. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Kuna msafiri mwingine wa njia hiyo ambaye hajaacha. Kwenye matope ya kisiwa cha Bubiyan, Kuwait, huzalia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayeishi kwa kula kaa. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja ndani yake, na joto la ardhi humsaidia kuatamia. Ni ndege wachache wa pwani wanaofanya hivyo. Kiangazi kikiisha, makundi yake huelekea kusini, na Mida Creek karibu na Watamu ni mojawapo ya mahali anapoonekana kwa mamia.

Shatt al-Arab, mahali Hidekeli na Frati yanapokutana, ndio mto pekee wa maana unaoingia Ghuba. Juu yake kuna mabwawa ya matete ya Iraq, kitalu cha kamba wanaovuliwa Kuwait na kichujio cha maji kabla hayajafika baharini. Serikali ya Saddam Hussein iliyakausha miaka ya 1990 kwa kuchimba mifereji. Mwaka 2003 wenyeji wakabomoa kingo na maji yakarudi kwa sehemu, na 2016 mabwawa yakaingia kwenye orodha ya UNESCO. Hata hivyo mabwawa makubwa ya kuzuia mito yaliyojengwa Uturuki na Iran hayaachii maji kama zamani, na miaka ya ukame chumvi ya Ghuba hupanda mto hadi Basra, ikaua mitende iliyolisha Zanzibar tende kwa vizazi.

Pwani ya Iran haina mabwawa wala tambarare nyingi. Hapo maji yanayoingia kutoka Hormuz ni safi zaidi, na vilima vya chumvi ya kale vimepenya ardhi hadi juu. Qeshm, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ghuba, chenye eneo dogo kidogo kuliko Unguja, kina pango la chumvi lenye urefu wa zaidi ya kilomita sita. Kati yake na bara kuna misitu ya mchu ambayo wenyeji hukata majani yake kulishia ngamia na mbuzi, kwa kiasi, kwa sababu msitu wenyewe umehifadhiwa.

Kutoka Qeshm hadi Hormuz si mbali, na hapo maji mazito ya Ghuba hutoka kwa chini. Yakishavuka mlango hukuta Bahari ya Oman, yenye kina cha zaidi ya mita 3,000, nayo huteremka hadi mita 200 au 300 na kusambaa. Tabaka la bahari lililo kwenye kina hicho na chini yake lina uhaba mkubwa wa oksijeni. Mwaka 2018 watafiti waliotumia vyombo vinavyojiendesha chini ya maji walithibitisha kwamba katika Bahari ya Oman sehemu kubwa ya tabaka hilo imebaki bila oksijeni karibu kabisa. Maji ya Ghuba ndiyo yaliyokuwa yakipeleka hewa kidogo huko. Hesabu za kompyuta zinaonyesha kwamba Ghuba ikizidi kupata joto, maji yake huwa mepesi, hushuka kwa uchache, na hewa inayofika hupungua. Jodari na nguru husukumwa kwenye tabaka jembamba la juu, ambako nyavu za wavuvi wa pwani ya Batinah, Oman, huwafikia kwa urahisi zaidi. Mawimbi mekundu ya mwani mdogo sana nayo yameongezeka: lile lililoanza 2008 lilidumu zaidi ya miezi minane, likaua samaki kwa maelfu ya tani, likaingia Ghuba kupitia Hormuz na kuifunga mitambo ya maji ya kunywa.